Fundi Nati na Mashine Yenye Rivasi

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote mliofika kumsindikiza,

Nimepewa dakika kumi za kueleza maisha ya miaka sitini na sita. Aliyenipa dakika hizo ni mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa marehemu, na anaujua mdomo wangu, ndiyo maana amekaa hapo mbele na saa mkononi. Nitajitahidi. Mimi ni mdogo wake marehemu, yule mshonaji, na wengi wenu mliovaa nguo zenye pindo lililonyooka leo tunajuana.

Kwenye jalada la ratiba mmeona jina lake kamili, lile la cheti. Sitalitumia, kwa sababu nikilitamka nusu yenu mtadhani mmekosea msiba. Sisi tulimwita Nati, kazini aliitwa Fundi Nati, na wajukuu wake walimwita Bibi Nati.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu, katika nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya ghala alilolinda baba yetu. Baba alifanya kazi usiku na kulala mchana, kwa hiyo tulikua tukinong'ona. Mama yetu alikuwa dobi wa kufulia watu kwa mikono. Kabla ya kulowesha nguo yoyote alipekua mifuko. Mifukoni mwa wateja alikuta sarafu, leso na tikiti za basi. Mfukoni mwa gauni la binti yake mkubwa hakukosa kukuta nati, zile za kufungia boliti, alizookota njiani akitoka dukani. Mama alizipanga dirishani na kusema, "Wewe mtoto, ipo siku nitakufua wewe mwenyewe nisikie unagonga kwenye beseni." Jina likamganda tangu hapo.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa alifuatana na mama kwenda kurudisha nguo kwa familia moja, wakakuta familia hiyo imenunua mashine ya kufulia. Mama aliitazama akanyong'onyea, maana alikuwa anaiona riziki yake inazunguka mle ndani. Nati hakunyong'onyea. Alizunguka nyuma ya mashine, akachungulia, kisha akamuuliza mwenye nyumba, "Ikiharibika nani anaitengeneza?" Mwenye nyumba akasema hajui. Njiani kurudi Nati akamshika mama mkono na kumwambia, "Usijali, mama. Mimi nitakuwa nazitengeneza, wewe utakuwa umekaa." Mama alicheka mpaka akaweka kapu chini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza 1970, kisha akaendelea na sekondari hadi 1974. Hesabu alizipenda. Kushona hakukupenda, na mimi mshonaji nalisema hili kwa uchungu. Katika mtihani wa ushonaji alitakiwa kushona gauni la mtoto. Cherehani aliyopewa ilikuwa mbovu, inakata uzi kila baada ya hatua mbili tatu, na wasichana waliotangulia walikuwa wameivumilia miaka yote. Nati aliifungua. Muda wote wa mtihani alikuwa chini ya meza, na gauni alilishona mwishoni harakaharaka, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mwalimu alilinyanyua gauni lile darasa zima likaangua kicheko. Kisha mwalimu akaketi kwenye cherehani, akakanyaga pedeli, uzi ukaenda mpaka mwisho wa kitambaa bila kukatika. Alifeli ushonaji, lakini ni mwalimu yule yule aliyemwandikia barua ya kumwombea nafasi chuo cha ufundi, akaingia mwaka 1975 na kuhitimu 1977 katika fani ya umeme na mitambo. Alikuwa msichana peke yake darasani, na alituambia nyumbani kwamba wavulana walikuwa wazuri tu, isipokuwa hawarudishi spana.

Januari 1978 aliajiriwa hospitalini, idara ya kufulia, kuzitunza zile mashine kubwa za shuka na nguo za wagonjwa. Mshahara wa kwanza alikwenda nao moja kwa moja kwa mama, akayachukua mabeseni yote akayageuza juu chini, akamwambia, "Si nilikwambia?" Alifanya kazi pale hadi alipostaafu mwaka 2012. Waliofanya naye kazi wako hapa, na wanakumbuka alivyokuwa akiweka kiganja kwenye ubavu wa mashine inayozunguka, akafumba macho, kisha akasema beringi ipi inakaribia kufa. Wanakumbuka pia alivyokuwa mkali kwa mtu aliyepakia shuka kupita kiasi. Ulimi wake haukuwa na breki. Lakini hakuna mfanyakazi aliyewahi kuumizwa na mashine katika zamu yake, na hilo aliliona kuwa ndiyo cheo chake.

Ndoa yake ilitokana na lori. Mwaka 1980 lori lililoleta mapipa ya sabuni liligoma kuwaka uani mwa hospitali. Dereva, kijana mrefu mwenye shati lililochomekwa vizuri, alikuwa amefungua boneti na kuinama kwa muda mrefu akigusa kila kitu. Nati alitoka na spana yake, akamsogeza pembeni, akatazama, kisha akaenda kugonga tangi la mafuta kwa ngumi.

"Dereva," akamwambia, "gari lako haliumwi. Lina njaa."

Geji ya mafuta ilikuwa imekwama. Wiki iliyofuata dereva yule alirudi uani bila sabuni wala shughuli yoyote ya kueleweka, ila geji ameishika mkononi, anaomba itazamwe. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Agosti 1981. Gauni nilishona mimi, mikono yote miwili sawa. Tangu siku ile ya lori hadi mwisho yeye alimwita mumewe Dereva na mumewe alimwita Fundi, na sijawahi kuwasikia wakiitana vingine, hata walipokuwa wamenuniana. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume mwaka 1983 na wa kike mwaka 1986.

Sasa nifike kwenye mashine, maana najua wengine mmekuja kwa ajili ya Nati na wengine mmekuja kwa ajili ya kahawa.

Shemeji yangu aliendesha malori kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2010 alianza kuona kingo za barabara zinafifia. Alikwenda kupimwa, akaambiwa ni presha ya macho na kwamba amechelewa. Mwaka uliofuata alirudisha leseni mwenyewe, kwa hiari yake, kabla hajamgonga mtu. Kufikia mwaka 2013 alikuwa haoni hata mwanga wa dirisha. Mtu aliyekuwa akiondoka alfajiri na kurudi na hadithi za nusu ya nchi akawa anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, kuanzia asubuhi mpaka aitwe kula. Hakulia, hakulalamika. Alikuwa ananyamaza tu. Dada yangu, ambaye mashine ikinyamaza alijua la kufanya, kwa mumewe hakujua. Alikuja kwangu siku moja akakaa kwenye rundo la vitambaa na kusema, "Mume wangu ananizimikia nikiwa namwangalia." Sikuwa nimewahi kumwona akilia tangu tulipomzika baba.

Siku moja asubuhi aliweka kahawa ya dukani mezani. Shemeji akaisogeza puani, akairudisha.

"Hii imeungua upande mmoja," akasema.

Ilikuwa sentensi ya kwanza aliyosema bila kuulizwa. Dada aliniambia kwamba alisimama na birika mkononi akaogopa hata kuliweka chini, asije akaharibu. Kisha akamjibu kwa ukali wake ule ule, "Kama unajua sana, kaanga yako."

Wakanunua kahawa mbichi sokoni, wakaanza na kikaango cha jikoni. Shemeji alikaa kwenye kigoda akikoroga na kunusa, na pua yake haikukosea: alijua pale harufu ya majani inapogeuka kuwa harufu ya mkate, na mkate unapogeuka kuwa kahawa. Alisikia punje zinapoanza kupasuka kama bisi. Tatizo lilikuwa kumimina. Kahawa ikishaiva haingoji. Ikibaki motoni kidogo tu, imeharibika. Siku ya tatu aliinua kikaango, akakosea ungo, akajiunguza mkono wa kushoto kuanzia kidoleni hadi kifundoni. Alirudi kukaa kitandani, mkono umefungwa bendeji, akasema haikuwa kazi yake ile.

Hapo ndipo Fundi Nati alipoapa. Alisema atajenga mashine ambayo asiyeona ataweza kuitumia kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kugusa kitu cha moto. Ilikuwa mwaka 2014, amestaafu, anatengeneza mashine za kufulia za majumbani kwenye kibanda nyuma ya nyumba yao. Kila mtu mwenye akili timamu alimwambia aache. Mimi nilimwambia mara kadhaa.

Pipa la kuzungushia kahawa lilitoka kwenye mashine ya kufulia ya mteja aliyehama akaitelekeza. Lile pipa la ndani, la chuma kisichoshika kutu, lenye vitundu ambavyo punje haipiti lakini makapi yanapita. Moto ulitoka kwenye jiko la gesi lililovunjika miguu. Mnyororo wa kuzungushia ulikuwa wa baiskeli ya mpwa wangu, na mwenye baiskeli aligundua asubuhi alipotaka kwenda kazini. Feni ya kupozea aliichomoa kwenye friji bovu. Kabati la kuvifungia vyote lilikuwa kabati la chuma la ofisini, la droo nne, lililotupwa na hospitali. Lilikuwa tupu, lakini droo ya chini, ile ambayo kahawa ingeangukia, bado ilikuwa na kibandiko chake cha zamani: MALALAMIKO. Binti yake alitaka kukibandua. Nati alikataa, akasema ndipo mahali pake.

Mota ndiyo iliyomsumbua. Alizunguka yadi za vyuma chakavu akitafuta mota yenye nguvu ya waipa, kile kifutio cha kioo cha lori. Katika yadi mojawapo alikuta lori limekatwa nusu, akalitambua kwa mkwaruzo ubavuni. Lilikuwa lori la Dereva. Alinunua mota ya waipa, akaifunga kwenye khanga akarudi nayo nyumbani, na hakumwambia mumewe kitu.

Siku ya kuijaribu nilikuwepo, maana niliitwa kushika tochi. Shemeji aliletwa kibandani akakalishwa kwenye kiti mbele ya kabati. Nati akaunganisha betri, akabonyeza swichi kuijaribu mota. Mota ikaanza kuguna, na shemeji akainua kichwa.

"Fundi," akasema, "hii waipa naijua."

"Waipa zote zinalia hivyo," dada akamjibu, huku amenipa mgongo ili nisimwone uso.

"Siyo zote. Hii inavuta pumzi kabla ya kugeuka. Hii ni yangu. Nimeisikia misimu yote ya mvua." Akanyoosha mkono, dada akamwelekeza, akaugusa mgongo wa ile mota akaacha kiganja chake pale. Kisha dada akasema tusipoteze gesi, akaizima mota, akamimina kahawa kwenye pipa.

Ndani ya pipa alikuwa amechomelea vipande vya bati kwa mzunguko, kama ngazi ya kupanda ghorofa, ili punje zisukumwe nyuma kwenye moto zisikimbilie mdomoni. Fundi yeyote angeangalia kwanza pipa linazunguka upande gani. Lakini dada yangu alikuwa ameishi na mashine za kufulia maisha yake yote, na mashine ya kufulia huenda kulia, huenda kushoto, yote ni kufua. Upande haukuwa kitu cha kufikiria. Aliunganisha nyaya kama mkono ulivyozoea. Alipobonyeza swichi tena, kahawa yote ilipanda ile ngazi kuja mbele, ikatokea mdomoni na kumwagika kwenye mapaja ya shemeji, kwenye viatu vyake na sakafu nzima. Bahati nzuri ilikuwa haijapata moto.

Nilijua dada atatukana. Kabla hajafungua kinywa, shemeji alianza kucheka. Alicheka akishika mbavu, punje zinamdondoka kwenye shati. "Fundi, mashine yako inatapika!" akasema. "Fundi umeiweka rivasi!"

Hicho kicheko hatukuwa tumekisikia kwa muda mrefu. Mpwa wangu alikuja mbio kutoka ndani akidhani kuna jambo baya. Dada alikuwa amesimama katikati ya kahawa iliyomwagika, mkono kiunoni, anamtazama mumewe na kulitazama pipa. Kisha akasema polepole, "Rivasi." Akachukua bisibisi, akaikata ile swichi, na jioni hiyo hiyo akaweka nyingine ya pande mbili. Ukiisukuma mbele, pipa linaivuta kahawa nyuma na kuikaanga. Ukiirudisha nyuma, pipa linaitapika yote kwenye droo ya Malalamiko, feni inaipoza, na wewe umekaa kwenye kiti chako na mikono yako mizima. Tatizo la kumimina lilikwisha hivyo.

Kuanzia hapo mnaijua historia. Manesi walianza kununua, kisha wenye migahawa, kisha watu wa mitaa ambayo hatuna ndugu. Mtu akifika mlangoni na kusema, "Nipeni nusu kilo ya Malalamiko," shemeji alimjibu, "Umefika ofisi yenyewe." Alirudi kuwa mtu wa hadithi. Na mnaokaa jirani mliizoea ile sauti ya kila asubuhi. Shemeji kwenye kiti chake, kichwa kimeinama upande kama anasikiliza injini, na Fundi nyuma yake wa kumwangalizia rangi, maana rangi ndiyo kitu pekee asichoweza kukinusa.

"Fundi, vipi?"

"Bado."

"Fundi, vipi?"

"Rivasi!"

Watoto wa jirani waliigeuza kuwa mchezo. Nimewasikia hata leo asubuhi, nje ya uzio, wakaguswa bega na mama zao wanyamaze. Wangewaacha tu.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2022. Alichoka akipanda ngazi mbili, miguu ikavimba. Daktari alimwambia moyo wake umepanuka. Alimuuliza daktari, "Pampu au vali?" Daktari, kijana mstaarabu, akasema pampu. "Basi vali ziko salama," dada akajibu, kana kwamba ameshinda kitu. Alifuata dawa vizuri, alipunguza chumvi, na alikataa kabisa kupunguza kibanda. Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa katika hospitali ile ile aliyoitumikia. Siku ya kwanza alilivuta shuka la kitanda, akalisugua kwa vidole na kuwaambia manesi kwamba mashine namba tatu haisuuzi. Wakaenda kuangalia. Ilikuwa haisuuzi.

Alifariki dunia Jumatano tarehe 7 Februari 2024 asubuhi, mumewe akiwa ameshika mkono wake, na watoto wake na sisi ndugu zake tukiwa karibu. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, na wafanyakazi wa idara ya kufulia waliopanda wodini kwa zamu kumwona.

Marehemu ameacha watoto wawili, mkwe wa kiume na mkwe wa kike, wajukuu watano, mdogo wake wa kiume, na mimi. Ameacha mashine nne za wateja kibandani ambazo wenyewe tunaomba mje kuzichukua, mbili zimepona.

Na ameacha mume.

Wenye ratiba mkononi mtaona karatasi yenu imeishia hapo. Yangu haijaishia. Mpwa wangu, weka saa mfukoni, mama yako alinituma.

Wiki moja kabla hajatuacha nilikuwa naye wodini mchana, tuko wawili. Akaniambia nisogee.

"Dereva hajakaanga tangu nilazwe, si ndiyo?"

Nikamwambia hajakaanga. Amekaa tena ukingoni mwa kitanda. Anasema mashine imefungwa, biashara imekwisha, kwa sababu nani atamwangalizia rangi.

Dada alifumba macho nikadhani usingizi umemchukua.

"Rangi," akasema. "Rangi ya ile kahawa mimi niliacha kuiangalia zamani."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia kwamba mwaka ule ule wa kwanza, asubuhi moja, bisibisi ilimdondoka ikaingia chini ya kabati. Alikuwa amepiga magoti anaitafuta, shemeji akauliza, "Fundi, vipi?" Naye, ili asimwachie mwenzake swali hewani, akajibu tu, "Rivasi." Alipoinuka akavuta droo kuangalia hasara. Hapakuwa na hasara. Kahawa ilikuwa imeiva vizuri kuliko yoyote aliyowahi kuichagua yeye kwa macho yake.

"Kuanzia hapo nikawa naangalia mkono wake," akasema. "Akiuliza huku mkono uko gotini, nasema bado. Akiuliza huku mkono uko kwenye swichi, nasema rivasi. Mtu hashiki swichi kama hajui. Kwa pua na masikio yake anajua kila kitu. Miaka yote hii anakaanga peke yake, mimi nilikuwa nasema anachofanya."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukumwambia?"

Alivuta pumzi kwanza.

"Ningemwambia, angeacha kuniuliza," akasema. "Wewe hukukaa naye kipindi kile ananyamaza. Halafu mtu huyo huyo anaanza kukuita kutwa nzima, Fundi vipi, Fundi vipi. Nilikuwa naipenda ile sauti. Sikutaka kuipoteza kwa sababu ya ukweli kidogo."

Kisha akanibana kidole. "Mwambie nikishaondoka. Na umwambie mbele ya watu. Mkiwa wawili atakubishia."

Shemeji, uko hapo mbele, na mwanao amekushika. Nimekwambia mbele ya watu, kama nilivyotumwa, na hawa wote ni mashahidi. Huwezi kunibishia hapa, na ukijaribu nina mdomo zaidi yako. Hakuna aliyekuwa anakuangalizia rangi. Alikuwa anakuangalia wewe.

Mashine iko pale pale. Binti yako alichaji betri jana, na gunia la kahawa mbichi liko kwenye pembe yake, mkono wa kulia ukiingia, unapojua. Hatukuharakishi. Siku utakayokaa kwenye kile kiti, washa moto wako, sukuma swichi mbele, usikilize waipa yako. Na ukifika pale unapouliza, uliza, kwa sauti, kama siku zote. Halafu fuata mkono wako.

Mungu ampe dada yetu pumziko jema. Lala, Fundi. Ulichonituma nimekisema.